Raporta ya Ubaoni na Jenuyeri ya Kuazima

Sikuumia uwanjani. Naanza na hilo kwa sababu miezi ile yote, kila aliyeniona na jenuyeri ya vyuma kwenye goti aliuliza kama nacheza mpira, na nilipojibu kwamba niliteleza nikienda kazini, uso ulimlegea kana kwamba nimemnyima hadithi. Mimi ni mwalimu wa hisabati na mama wa watoto watatu. Kilichoniangusha ni njia yetu ya Nyamugo, ile ya kushukia barabarani, siku ya pili ya mvua mfululizo, Novemba 2022, wiki moja kabla ya Kombe la Dunia kuanza Qatar.

Anayeijua Bukavu hahitaji kuelezwa. Mji umepanda vilima juu ya ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua haina aibu. Nyumba zimebebana mgongoni. Ngazi zetu ni mawe, mifuko ya mchanga na matairi yaliyozikwa nusu, na katikati yake udongo ambao ukilowa unakuwa sabuni. Nimeshuka njia ile miaka tisa, gizani na mchana, na mtoto mgongoni na bila mtoto. Siku hiyo nilikuwa nimebeba daftari tu.

Mguu wa kulia ulinasa kati ya mawe mawili, mwili ukaendelea na safari. Goti likapinda kwa ndani, kuelekea lile lingine, upande ambao goti halikuumbwa kupindia. Nilisikia kitu kinachanika kama fundi anapopasua kitenge: si mlio mkubwa, ni ule wa nyuzi zinazoachana. Nikajikuta nimekaa kwenye tope, daftari za kidato cha tatu zimetawanyika hadi mlangoni kwa watu. Kijana aliyekuwa anapanda na kidumu cha maji cha lita 20 akakitua, akaniambia, "Pole, mama. Usisimame kwanza." Nikasimama.

Jioni goti lilikuwa limejaa na upande wa ndani umekuwa moto. Mama mkwe, anayeishi nasi, alichemsha maji na majani yake, akaniambia ninyooshe mguu. Ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa namalizia masomo yangu pale ISP, chuo cha ualimu. Akisema nyoosha, nanyoosha. Kitambaa cha moto, kisha mikono, na mikono yake ni ya mtu aliyelima Walungu miaka thelathini. Asubuhi goti lilikuwa mara mbili. Baadaye nilielezwa kwamba siku mbili tatu za kwanza jeraha la namna hiyo linataka baridi, mapumziko na mguu kuinuliwa juu ya mto, kwa sababu ndani bado kuna damu inayovuja, na joto na kukandwa vinaifungulia njia. Nilisita kumwambia mama. Nilipomwambia hakukasirika hata kidogo. "Mungeniambia mbele, mukamwana. Baridi nayo tunayo." Tangu hapo akawa anatuma mtoto kununua vile vimfuko vya maji yaliyoganda wanavyouza barabarani, anavifunga katika kitambaa na kunipiga navyo kwenye goti kama mtu anayepiga muhuri.

Kwenye dispanseri walipiga radiografi. Kijana wa zamu akainua picha dirishani. "Mfupa hauna shida. Ni antorsi tu, mama." Yaani kiungo kimeteguka tu. Akaniandikia vidonge vya maumivu. Neno hilo "tu" lilinigharimu wiki mbili, maana radiografi inaonyesha mifupa, na kano za goti hazionekani mle hata zikiwa zimekatika zote. Sikulijua hilo. Nilirudi nyumbani nikiwa na picha ya mifupa mizima na mguu usiokubali kushuka ngazi.

Wiki ya pili nikajitibu mwenyewe. Soko la Kadutu lina wauzaji wanaotandika vitu vya hospitali pamoja na soksi na mikanda ya suruali. Nilinunua jenuyeri ya mpira, nyeusi, ya kuvuta kama soksi, dola 5. (Wasomaji wa mbali mtaiita mkanda wa goti. Kwetu ni jenuyeri, na yenye vyuma wengine huiita atele.) Muuzaji alinikadiria kwa macho: "Itakutosha, mama, inavutika." Kweli inavutika. Usiku kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na nyuma ya goti ukingo wa ule mpira umechora mstari kama kamba ya mbuzi.

Nisiiseme vibaya ile ya mpira, ina kazi yake. Inatia joto, inabana uvimbe kidogo, na inaukumbusha mwili kwamba pale pana goti, maana ngozi ikiguswa ubongo unapata habari zaidi za mahali mguu ulipo. Mwenye antorsi ndogo, au mzee ambaye magoti yanamlilia wakati wa baridi, itamsaidia ikiwa saizi ni yake. Ila langu lilikuwa linayumba kwa upande. Kulivalisha mpira ilikuwa sawa na kuziba kwa pazia mlango uliong'oka bawaba.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu wa michezo. Alinitazama nikivuka uwanja wa shule, akasema, "Madamu, hiyo si ya kuvumilia," akanipeleka kwa kine wake. Kine ni fundi wa mazoezi ya viungo. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, baiskeli isiyo na magurudumu na kioo kirefu. Nikamwita docta. Akanikatiza: "Mimi si docta, mama. Docta anakata. Mimi ni wa kukusumbua."

Alianza na mguu mzima. Nikamwambia si huo. "Najua. Huu ndio kitabu, ule mwingine ndio zoezi." Mwalimu wa hisabati atakataaje maneno kama hayo? Alilikunja goti la kushoto kidogo, kama digrii 30, mkono mmoja ukisukuma goti kwa ndani kutoka nje, mwingine ukivuta kifundo kwa nje. Halikutikisika. Akafanya hivyo hivyo kwa la kulia, nalo likafunguka. Nilihisi nafasi inazaliwa ndani ya goti langu, ikaenda, kisha ikafika mahali ikasimama.

"Umesikia imesimama?"

"Nimesikia."

"Shukuru Mungu hapo."

Kisha akashika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, akauvuta ugoko mbele kama mtu anayefungua droo. Droo haikutoka.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya radiografi. Goti lina kano kubwa nne: mbili za pembeni, ndani na nje, zinazolizuia lisiyumbe, na mbili za katikati zinazokatizana kama msalaba, zinazouzuia ugoko usiteleze mbele wala nyuma. Yangu ilikuwa ya pembeni, ya ndani, imechanika daraja la pili: nyuzi nyingi zimekatika ila si zote, ndiyo maana ule mwendo ulikuwa na mwisho. Kano hiyo ina damu ya kutosha na mara nyingi inajiunga yenyewe bila kisu, mradi isivutwe upya kila siku. Ya msalaba ya mbele ni habari nyingine. Iko ndani kabisa, imezungukwa na ute wa goti, na ikikatika yote ni nadra kujiunga. Wanaotaka kurudi kwenye michezo ya kukata kona wengi hupasuliwa, inatengenezwa kano mpya kwa ukano wa msuli wa nyuma ya paja au ule wa chini ya pia ya goti.

Kwangu alitaka mambo mawili: jenuyeri yenye bawaba kwa wiki sita, na mazoezi kuanzia kesho yake. Bawaba za chuma zikae pembeni pale bawaba yangu ya nyama ilipolegea, goti liendelee kukunja na kunyooka lakini lisiende upande. Kano inapenda kutumikishwa kidogo wakati inajiunga. Ukiifungia katika plasta, goti linakauka.

Bei ya jenuyeri mpya niliiuliza mara moja, sikurudia. Mwimbaji mwenzangu wa kwaya alikuwa na ya kaka yake, imelala juu ya kabati tangu apone. Vyuma viwili vyepesi, kila kimoja na kisahani chenye namba za digrii na pini ndogo za kuzuia goti lisikunje kupita pale unapotaka, sponji nyeusi, na mikanda minne ya velkro iliyojaa nywele na uzi wa sweta. Niliifua mwenyewe jioni ile, kwa mkono, na sabuni kidogo, kwanza nikiwa nimeondoa vyuma. Katika majira ya mvua sponji ile inachukua siku mbili kukauka, na kuiweka juu ya jiko la makaa ni kuiharibu. Usiniulize nimejuaje.

Siku ya kwanza niliivaa juu chini. Sehemu pana ya paja ilikuwa inacheza kwenye ugoko, sehemu nyembamba inanisulubisha paja, nami nikafundisha hivyo hadi saa sita mchana. Prefe wetu, mkuu wa shule, alinipita barazani, akasema kwa upole, "Madamu, mbona inaonekana kama imekuvaa yenyewe?"

Kwa hiyo niseme jinsi inavyovaliwa, maana ndani ya kisanduku cha dawa hakuna wa kukuonyesha. Kaa ukingoni mwa kiti, mguu umenyooka mbele na goti limekunjwa kidogo tu. Chini vaa soksi ndefu au legingi ya pamba, ngozi isigusane na sponji, la sivyo jasho na mikunjo vitakutoa malengelenge. Katikati ya visahani ipange usawa wa katikati ya pia ya goti, ndani na nje sawasawa. Hapa ndipo wengi tunapokosea: bawaba ikishuka vidole viwili tu, chuma kinakunja mahali pake na goti mahali pake, nawe unabaki kugombana navyo kutwa. Kisha fungua mikanda yote, uanze kukaza ule ulio chini tu ya goti, juu ya shavu la mguu, kwa sababu ndio unaoizuia isiteremke. Halafu wa juu ya goti, halafu wa mwisho chini, halafu wa juu kabisa ya paja. Simama, tembea hatua kumi, kaza tena. Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda.

Hata hivyo itateremka. Paja la mwanamke ni kama pia, pana juu na jembamba chini, na Bukavu si Kinshasa, hatutembei sambamba na ardhi. Kila baada ya ngazi thelathini nilisimama nikaivuta, nikiwa nimejiegemeza kwenye ukuta wa mtu. Kitenge nacho ni shida: ukivaa jenuyeri juu ya kitenge inashika nguo badala ya mguu, ukivaa chini, inajifunga katika nyuzi. Jirani yangu fundi cherehani alinishonea sketi mbili pana zenye kifungo pembeni, hadi leo nazivaa.

Lakini kitu ambacho hakuna aliyenionya ni choo. Jenuyeri ilikuwa imezuiwa digrii 90, na choo chetu, kama cha majirani wote, ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kunataka goti likunje hadi mwisho wake. Usiku wa kwanza nilisimama mbele ya lile tundu na tochi mkononi, nikacheka peke yangu, kisha nikakaribia kulia. Kesho yake mume wangu alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu katikati kwa kisu alichokipasha moto. Watoto wakakiita kiti cha prefe. Nikikutana na mtu mwenye goti bovu siku hizi, kabla ya kumuuliza habari za dawa namuuliza ana choo gani.

Darasani goti langu likawa somo. Kine alikuwa na kifaa chake cha kupimia pembe, cha plastiki, chenye mikono miwili. Nikamwambia na mimi ninacho. Jumatatu nikakaa juu ya meza mbele ya kidato cha tatu, jenuyeri nimeivua kwa dakika kumi, nikamwita msichana anayekaa dawati la mbele aje na raporta ya mbao, ile kubwa ya ubaoni. Kitovu cha raporta kwenye upande wa goti, mstari mmoja ufuate paja, mwingine ufuate ugoko. Nikakunja hadi maumivu yaliponiambia basi.

"Madamu, 105."

"Hiyo ni pembe ya ndani. Nimekunja kiasi gani kutoka kunyooka?"

Kimya. Kisha kijana wa nyuma, ambaye mwaka mzima alikuwa hajajibu kitu: "180 kutoa 105. 75."

Tulipima kila Jumatatu. 75, 82, 90, tukafungua pini, 98. Tukachora mstari wake kwenye karatasi ya mraba, na wiki ambayo mstari uliteremka walinidai maelezo. Niliwaambia ukweli: Jumamosi nilikwenda sokoni mara mbili. Goti zima linakunja karibu 140, na mstari huo tuliuchora juu kabisa kwa kalamu nyekundu.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Wiki ya tatu nilichoka na ile kuvuta-vuta. Nikaona dawa ni kukaza. Mkanda wa chini ya goti nikaukaza mpaka velkro ikafika mwisho, na kweli jenuyeri ikatulia kama msumari. Nikashuka hadi Place de l'Indépendance bila kuigusa. Niliringa. Mchana nikasikia kama sisimizi juu ya unyayo, kati ya kidole gumba na cha pili. Nikadhani ni kiatu. Usiku nilitoka uani, nikasikia kandambili inaburuzika. Nikairudisha mguuni, hatua mbili, ikachomoka tena. Nikawasha tochi nikautazama mguu wangu na kuuambia uinue vidole. Ulitetemeka kidogo, ukakataa.

Sikulala. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa kine, naye kabla hajanisalimia akagusa kifundo kidogo cha mfupa kilicho upande wa nje, chini tu ya goti. "Hapa. Ulikaza hapa." Nyuma ya kifundo kile mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi, nao ndio unaoinua unyayo na vidole. Ukiubana kwa masaa, mguu unakufa ganzi na unyayo unaning'inia. Ukiendelea kuubana, unaweza usirudi upesi. Wangu ulirudi: siku ya pili vidole vikainuka, siku ya sita kandambili ikakaa. Alikata kipande cha sponji chenye tundu katikati, akakibandika ndani ya mkanda ili mfupa ule usiguswe. Na akanipa orodha ya yale yanayotaka kuvua jenuyeri hapo hapo bila kusubiri mtu: ganzi, vidole kuwa vya baridi au kubadilika rangi. Shavu la mguu likivimba, likiwa gumu na la kuuma, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Kuhusu mazoezi nitasema machache, yanachosha hata kuyasimulia. Taulo limekunjwa chini ya goti, unaligandamiza kwa nguvu ya paja, unahesabu hadi kumi, unaachia. Kuinua mguu mzima umenyooka. Kuteleza kisigino kwenye sementi ukiwa na soksi. Baadaye kuinuka kitini bila kushika, kusimama mguu mmoja wakati unapiga mswaki. Mara tatu kwa siku. Nilikuwa naruka, nasingizia mitihani ya Desemba, mpaka alipoazima utepe wa yule jirani fundi cherehani na kupima mapaja yangu sentimita 15 juu ya pia ya goti. Kushoto 54. Kulia 50 na nusu. Wiki nne tu! Paja linaloshikwa na chuma linajiona liko likizoni. "Jenuyeri inakushikia mlango," aliniambia, "lakini wa kujenga mlango ni msuli huu. Siku utakapoivua, utashikwa na nini?" Tangu siku hiyo utepe ukabaki kwangu, na nilipima kila Jumapili baada ya misa, kwa woga kama wa anayesubiri matokeo.

Shemeji yangu alikuwa anatazama haya yote kutoka kwenye kochi, akifuata Kombe la Dunia. Yeye ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, na kano yake ya msalaba ya mbele ilikatika yote miaka mitatu kabla. Picha ya IRM, ile ya sumaku inayoonyesha hadi kano, aliipiga Kigali kwa michango ya ukoo. Hakupasuliwa. Jumapili anavaa jenuyeri ya mpira na kucheza. "Goti linanikimbia mara moja moja tu," anasema. "Bolasie naye alikatika, si alirudi?" Alirudi, shemeji. Bolasie wetu wa Léopards, timu ya taifa ya Kongo, aliumia akiwa Everton Desemba 2016, akapasuliwa, akakosa CAN, Kombe la Afrika, ya 2017, na uwanjani alionekana tena Desemba 2017, mwaka mzima na zaidi, na nyuma yake madaktari wa klabu. Wewe umevaa soksi. Kine alimwambia hivyo hivyo kwa maneno laini zaidi: kila goti linapomkimbia, mfupa unasaga zile gegedu za katikati, meniski, na zikishachanika hakuna jenuyeri ya kuzirudisha. Amepunguza. Hajaacha.

Wiki sita zikaisha mwanzoni mwa Januari. Goti lilikunja 130, paja lilikuwa pungufu ya lile lingine kwa sentimita moja na nusu tu, kine akalisukuma kwa ndani, likakaa kimya. "Nyumbani vua. Darasani vua. Bakiza njia ya mteremko wiki mbili, halafu mrudishie mwenyewe."

Niliivaa hadi mwisho wa Februari.

Nilijiambia ni mvua. Lakini wacha niseme lilivyo. Kwenye teksi zetu tunabanana wanne nyuma na wawili mbele. Mimi na vyuma vyangu nilipewa kiti cha mbele peke yangu, na hakuna aliyenung'unika. Kwenye foleni ya maji watoto walisogea. Kanisani sikupiga magoti. Mama mkwe aliacha kuniuliza kwa nini sombe (kisamvu) haijatwangwa. Mume wangu, mtu mwema lakini si wa jikoni, alijifunza kupika sambaza, vile visamaki vya ziwani. Jenuyeri ilikuwa imekuwa barua ya ruhusa yenye muhuri, na mwanamke wa mji huu anapata barua kama hiyo mara ngapi? Nikiivua nitakuwa nani? Mtu mzima, mwenye magoti mawili, anayedaiwa kila kitu.

Na kulikuwa na woga wa kweli pia, siufichi. Nikiwa bila chuma, kila jiwe lilinitazama. Kine aliligundua kabla yangu. Alinikuta barabarani, hakunigombeza, akauliza tu, "Utepe unasemaje?" Nikajibu 53 na 52. "Basi kilichobaki si goti."

Aliniambia nianze na ngazi zilizo kavu, kisha zilizo na ukuta wa kushika, na ile ya kwetu iwe ya mwisho. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza ule uliougua, hatua moja kwa ngazi, mpaka utakaposahau kuhesabu. Fimbo, kama unayo, iwe mkono wa upande wa mguu mzima. Hapo utabishana na kartie nzima, kila mtu atakuambia uishike upande unaouma, nawe usikubali.

Siku niliyopita kwenye yale mawe mawili bila jenuyeri, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Niliyajua kama unavyomjua mtu mliyegombana naye. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa nyuma, anasubiri nipite, njia ni nyembamba. "Madamu, leo digrii ngapi?" Nikamwambia anyamaze nihesabu mawe.

Nilipoirudisha kwa yule mwimbaji mwenzangu alikataa kuipokea. Kaka yake hana haja nayo tena. Imezunguka watu wawili tangu hapo. Wa kwanza dada wa sokoni aliyeteleza na ndoo ya mafuta. Wa pili alikuja mwezi uliopita, motari kijana, rafiki wa shemeji, na barua ya kine mkononi. Nilimkalisha ukingoni mwa kiti cha prefe, ambacho siku hizi kimewekwa ubao juu na kinatumika sebuleni. Akavaa, akasimama, akajisifu kwamba imeshika vizuri. Nikainama nikajaribu kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa chini ya goti. Havikupita hata kimoja.

"Legeza," nikamwambia.

"Itateremka, mama."

"Itateremka. Utaivuta."